Embakasi, kabla ya 1977

Mafundi wa uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi, waliitambua ndege kwa sauti kabla haijaonekana, na sisi watoto wao tuliwaiga. Fokker Friendship ilikuja na mluzi wa kuchoma masikio. Dakota ilinguruma taratibu. Lakini Super VC10 ikiondoka kwenda London na injini zake nne zilizopangwa nyuma, chini ya mkia, vyombo vilitetemeka kabatini na mama alikatiza maneno mpaka ipite.

Baba, mtu wa Tanga, alikuwa fundi mitambo wa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Siku moja alinipeleka hangani. Kila spana ilikuwa na mchoro wake ukutani, na zamu haikwisha mpaka kila mchoro umefunikwa na spana yake. Ikikosekana moja, hakuna kwenda nyumbani, kwani huenda imebaki ndani ya injini. Kwenye zamu yake walikuwamo Mganda, Wajaluo, Mkamba na Mzaramo mmoja aliyependa kubishana mpira. Kwetu sisi watoto, wote walikuwa baba wadogo.

Shirika lilianza tarehe 1 Januari 1946 na vindege vya Dragon Rapide, vya mbao na kitambaa. Kufika 1960 lilikuwa na jeti za Comet, kisha zikaja Super VC10, tano kwa jumla. Moja iliungua Addis Ababa Aprili 1972, watu 43 wakafa. Usiku ule nyumba za mafundi hazikulala. Nikiwasimulia wanangu kwamba nchi tatu changa zilirusha ndege za aina ileile waliyoipanda Waingereza wenyewe, naona hawaniamini.

Usajili uligawanywa: 5Y ya Kenya, 5H ya Tanzania, 5X ya Uganda. Sisi watoto tulishindana kuzisoma namba hizo kutoka mbali. Hatukujua kwamba siku moja zingetumika kuulizana nani achukue ndege ipi.

Idi Amin alipoipindua serikali ya Uganda Januari 1971, Rais Nyerere wa Tanzania alikataa kuketi naye, na marais watatu waliopaswa kuiongoza Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyomiliki shirika letu, hawakukutana tena. Fedha za tiketi zilikusanywa katika nchi tatu, makao makuu yakiwa Nairobi. Kila serikali ikasema inadaiwa na wenzake kidogo, wao wanadaiwa zaidi. Hasara ilikuwapo, sikatai, hasa kwenye njia fupi za ndani. Lakini hasara hutafutiwa dawa na watu wanaozungumza, na hawa hawakuzungumza. Kwa hilo bado nina uchungu.

Mwishoni mwa Januari 1977 ndege zilisimama. Baba aliendelea kuvaa ovaroli na kwenda hangani siku kadhaa, maana hakuna aliyemwambia asiende. Kisha tulifunga masanduku, mama akaibeba cherehani yake mapajani, tukavuka Namanga kwa basi. Tarehe 4 Februari Tanzania ilifunga mpaka. Yule Mganda alirudi kwao. Barua zake mbili tatu zilifika, kisha zikakoma.

Machi ilizaliwa Air Tanzania na baba akapata kazi Dar es Salaam, kwenye Friendship zilezile. Yeye alibahatika. Wastaafu wengi wa iliyokuwa Jumuiya walidai mafao yao kwa miongo. Katika miaka ya 2000 niliwaona wazee hao wameketi barabarani mjini Dar wakidai jasho lao.

Zile VC10 nne zilizosalia zilirudishwa Uingereza, na jeshi la anga la huko likazigeuza kuwa ndege za kuzijazia nyingine mafuta angani. Moja, 5H-MMT ya zamani, iliruka mara ya mwisho tarehe 25 Septemba 2013, na baada yake hakuna VC10 nyingine iliyoruka duniani. Nilipomsomea baba habari hiyo, jambo la kwanza aliuliza kama injini walizibadilisha. Nikamjibu hapana, ni Conway zilezile.

"Lazima," akasema, kisha akaniketisha na kunieleza jinsi walivyokuwa wakiishusha injini ya Conway kutoka mkiani, nati moja baada ya nyingine, na nani alisimama upande gani.