Karatasi ya Kunyamaza

Nilishika funguo za stoo ya shule kwa miaka mingi, na sikuwahi kuchukua hata kilo moja ya unga wa watoto. Hilo nalisema bila haya. Liko jingine ambalo nalisema kwa haya.

Mwaka 1986 mwalimu kijana aliyesimamia chakula alinijia ofisini jioni. Daftari lilionyesha magunia 40 ya mahindi; stoo yalikuwemo 31. Tulihesabu pamoja, tukapata 31. Aliyeleta mahindi yale alikuwa ndugu wa mjumbe wa kamati ya shule. Niliogopa ugomvi, nikamwambia aniachie mimi. Sikufanya lolote, na muhula ule watoto walikunywa uji mwepesi.

Miezi michache baadaye alipata uhamisho. Posho yake ilikwisha fika mezani kwangu. Kabla ya kumpa, nilimtaka aandike kwamba hana lalamiko lolote juu ya stoo. Alikuwa na mke na mtoto mchanga. Akatia sahihi, akachukua fedha zake, akaniaga bila kuniangalia.

Kisa hicho kilikuwa kimelala moyoni hadi mjukuu wangu aliponisomea habari za OpenAI, kampuni ya Marekani inayotengeneza ChatGPT, programu ya akili mnemba ambayo yeye huiuliza maswali ya masomo. Mwezi Mei 2024 ilijulikana kwamba mfanyakazi aliyeacha kazi pale alitakiwa kuahidi kwa maandishi kutoisema kampuni vibaya. Akikataa, angeweza kupoteza hisa ambazo alikwisha zitolea jasho. Mmoja wao, Daniel Kokotajlo, alikataa, ingawa kwa maelezo yake hisa hizo zilikuwa kama asilimia 85 ya mali ya familia yake. Mkuu wa kampuni, Sam Altman, alisema ameona aibu, kwamba hakuna aliyewahi kunyang'anywa, na kifungu hicho kikaondolewa.

Nilimwambia mjukuu asome tena hapo. Hata mimi sikumnyang'anya yule kijana posho yake. Ilitosha ajue kwamba naweza.

Tarehe 4 Juni 2024 watu 13, waliofanya au wanaofanya kazi katika kampuni za namna hiyo, walitoa barua ya wazi. Sita hawakutaja majina yao. Walisema kwamba sheria za kuwalinda watoa taarifa huangalia zaidi uvunjaji wa sheria, lakini hatari nyingi za akili mnemba hazijatungiwa sheria yoyote. Basi aonaye hatari hana pa kukimbilia ila kwa bwana wake mwenyewe, na kesi ya nyani kumpelekea ngedere sote twajua mwisho wake.

Kampuni husema zina siri za biashara. Ni kweli. Mpishi ana haki ya kuficha viungo vyake, lakini hana haki ya kuficha sumu. Tena magunia yangu mtu yeyote angeweza kuyahesabu, akifunguliwa mlango. Mashine hizi sisi wa nje hatuwezi kuzihesabu hata mlango ukiwa wazi. Tunamtegemea aliye ndani aseme.

Wengi humsifu mtu jasiri, nami namsifu. Lakini si haki kumtaka kila mwenye mtoto mchanga awe jasiri. Kinachotakiwa ni sheria, ili ukweli usimgharimu mtu riziki yake. Jimbo la California lilianza Septemba 2025, lilipopitisha sheria yenye kuwalinda baadhi ya wafanyakazi hao wanaotoa taarifa za hatari kubwa. Ni hatua moja, nami naiona njema.

Mwalimu yule naye amestaafu. Mwaka jana nilimwandikia kumwomba radhi. Alinijibu kwa upole, "Shikamoo Mwalimu Mkuu," akanisamehe, kisha akauliza jambo moja tu: yale magunia tisa yalikwenda wapi?

Sikuwa na jibu, kwa sababu mtu pekee aliyeuliza nilimnyamazisha.