Wosia kwa Vijana wa Mwambao wa Nyasa

Wajukuu zangu wa Mbinga na Nyasa,

Nguvu zimeniishia, ila akili ninayo. Kabla sijaondoka nawausia: jifunzeni sheria za mataifa, maana zimefika hadi mlangoni penu.

Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba mjini Berlin, zikaandika kwamba mpaka wa makoloni yao ufuate ufuo wa upande wetu wa Ziwa Nyasa. Hakuitwa Mmatengo, Mnyasa wala Mmanda kuulizwa. Kwa maandishi yale, mtoto anayeoga Liuli yumo katika maji ya jirani, na mvuvi wa usipa wa Mbamba Bay hali kadhalika. Mkataba huo haukuwazuia hao walioutia saini kupigana: Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilikuja hapo hapo Liuli kuishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani.

Julai 1964, huko Cairo, viongozi wa Afrika waliazimia kuheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru. Hoja aliipeleka Mwalimu Nyerere, ili Afrika isimwage damu kwa mistari iliyochorwa na wengine. Malawi, iliyorithi upande wa Waingereza, inalishika azimio hilo pamoja na mkataba wa 1890. Tanzania, tangu 1967, inasema mpaka upite katikati ya maji, kama ilivyo desturi katika maziwa mengi. Hata Uingereza na Ureno zilikubaliana hivyo mwaka 1954 kwa upande wa Msumbiji. Ugomvi ulipofufuka mwaka 2012 kwa sababu ya utafutaji wa mafuta, shauri lilipelekwa kwa marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano.

Basi shikeni haya. Msiidharau hoja ya jirani. Isomeni mpaka muijue kuliko yeye, ndipo mtaweza kuijibu. Mali bila daftari hupotea bila habari: andikeni majina ya mialo, makaburi ya wazee na mahali nyavu zimetegwa vizazi na vizazi, ili siku ya kuulizwa msikose ushahidi. Wapelekeni watoto wa kike na wa kiume wakasome sheria, ili mezani pasikosekane tena mtu wa huku.

Wala msimchukie Mmalawi. Ng'ambo kuna shemeji na wajomba zenu. Mpaka wataupanga wakubwa. Undugu mmeachiwa ninyi.

Mungu awatangulie.

Babu yenu