Gari Linalonyamaza Likifika Dar es Salaam

Mwaka jana nilinunua gari jipya. Nayaandika hayo kwa haya kidogo, maana wasomaji wangu wengi ni wanafunzi wanaogombea nafasi kwenye daladala kila asubuhi, na mtu anayelalamikia mlio ndani ya gari jipya hapaswi kutarajia kuhurumiwa. Siombi huruma. Nasimulia kisa hiki kwa sababu kilinifundisha jambo kuhusu namna taasisi zetu zinavyosikiliza malalamiko, ikiwamo taasisi inayonilipa mshahara.

Kwa miaka 15 nimeendesha magari yaliyokwishatumika, kama walivyo Watanzania wengi wenye magari. Tunalitazama gari kwenye picha, tunatuma fedha Japani, tunaisubiri meli, tunalipa ushuru pamoja na ule wa uchakavu, kisha tunapokea tulicholetewa. Likija na mlio, mlio ni wetu. Aliyeliuza yuko ng'ambo ya bahari na hajui hata jina la mji tunaoishi. Mazoea hayo yametufundisha kwamba kasoro ni sehemu ya bei, na kwamba anayelalamika ni mtu asiyejua kununua.

Gari langu la mwisho la aina hiyo liliniacha njiani kati ya Mlali na Mgeta, usiku wa mvua, nikiwa na mama yangu mzazi. Ndipo nikaamua kukopa. Mkopo huo utakatwa kwenye mshahara wangu kwa miaka 5. Nilichokuwa nakinunua hasa kilikuwa kijitabu kidogo kilichowekwa kwenye droo ya dashibodi: dhamana, au waranti kama tulivyozoea kuiita, ya miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na mtu wa kumlalamikia.

Sikuchukua muda kumhitaji. Barabara ya Mgeta ikishaiacha Mlali huipanda Milima ya Uluguru kwa kona nyingi, na alfajiri huko juu kuna ukungu na baridi ambayo mkazi wa Morogoro mjini hushangaa kuikuta jirani namna ile. Wiki ya tatu baada ya kulichukua gari, nikiwa nampeleka mama nyumbani, mlio ulianza: tak-tak, tak-tak-tak, nyuma kidogo ya sikio langu la kulia. Nilisimama nikatoa kila kitu kinachoweza kugonga. Nilitoa sarafu, miwani, chupa ya maji, hata mwavuli wa mama. Tukaendelea, na mlio ukaendelea. Mama alisikiliza kwa muda, akasema, "Na hili jipya nalo linalalamika?"

Mlio wa namna hiyo hauzuii gari kwenda, wala hauhatarishi maisha ya mtu. Kazi yake ni kumla mtu taratibu. Baada ya nusu saa husikii tena anayezungumza nawe, unasubiri shimo lijalo.

Niliamka saa 9 usiku, nikaendesha takribani kilomita 190 hadi Dar es Salaam kwa wakala aliyeniuzia. Kijana wa mapokezi alinipokea kwa adabu, akanipa kahawa, akaketi pembeni yangu tukazunguka kwenye lami. Kimya. Tukazunguka tena. Kimya kabisa. "Dokta," akasema, "gari ni zima." Kwenye fomu akaandika: hakuna tatizo lililobainika. Nikatia saini, nikarudi Morogoro. Jumamosi iliyofuata, kwenye kona zilezile za Mgeta, tak-tak-tak.

Mara ya pili niliwaachia gari kwa siku mbili, nami nikarudi kwa treni ya SGR. Nilipolifuata lilikuwa limeoshwa vizuri sana na fomu ilikuwa na maneno yaleyale. Safari hii kijana aliongeza maelezo. Hilo, alisema, si tatizo, ni changamoto, tena ya kawaida kwa magari mapya. Gari litaizoea barabara. Halafu, kwa nia njema kabisa, akaniuliza kwa nini siwashi redio, maana gari lile lina redio nzuri.

Nimelitafakari sana neno lile "changamoto". Limeingia katika ofisi zetu zote katika kipindi cha maisha yangu ya kazi. Tatizo lina mwenyewe na huuliza ni nani alilisababisha. Changamoto huwa haina baba. Inakuwepo tu kama mvua, nasi tunakabiliana nayo.

Mwanataaluma akikwama hukimbilia maandiko, nami nilifanya hivyo. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, tuliyoirithi kutoka sheria ya Kiingereza ya 1893, inataka bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa hiyo iwe na ubora unaostahili na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, ina sehemu nzima zinazomlinda mlaji, zikiwamo zinazohusu masharti yanayohesabiwa kuwamo katika mkataba hata kama hayakuandikwa. Niliandika barua ya kurasa mbili, nikavitaja vyote hivyo, nikaambatanisha sauti niliyoirekodi kwa simu. Barua ilifanya kazi kwa kiasi chake: nilijibiwa siku ileile, tena na mtu mkubwa zaidi. Jibu lilisema wako tayari kutengeneza kasoro yoyote iliyo chini ya dhamana, mara itakapothibitika. Ama rekodi, walisema, inaweza kuwa ya gari lolote.

Hapo ndipo nilipoelewa mahali tulipokwama. Hawakuwa wakinidanganya. Gari langu lilikuwa likinyamaza kweli kila lifikapo Dar es Salaam. Ushahidi ulikuwa unaishi Mgeta, na mwenye mamlaka ya kuukubali alikuwa anaishi kilomita nyingi kutoka huko, kwenye lami na joto.

Katika safari ile ya treni, Uluguru ilipoanza kuonekana kwa mbali, nilikumbuka mfano ninaoufundisha kila mwaka katika somo la sera za maendeleo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Nia yake ilikuwa na maana: mmomonyoko ulikuwa wa kweli, na maji ya Mto Ruvu yanaanzia katika milima hii. Wataalamu wakaamuru matuta ya ngazi yachimbwe, kwa kazi ya lazima. Waluguru walilalamika kwamba kazi ni nzito kupita kiasi, na kwamba uchimbaji ule unauzika udongo wenye rutuba na kuuleta juu ule usiozaa. Kwa afisa aliyekuwa na ramani mezani, hayo yalikuwa manung'uniko ya watu wasiopenda mabadiliko. Mwezi Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, mambo yakaishia kwa vurugu na polisi, na baada yake mpango wa matuta ukaachwa. Roland Young na Henry Fosbrooke waliandika kitabu kuhusu ardhi na siasa za Waluguru, kikachapishwa mwaka 1960, na bado kinafaa kusomwa.

Siufananishi mlio wa gari na kazi ya lazima. Ningekuwa mpuuzi. Lakini umbo la mazungumzo ni lilelile: mtu anasema panapouma ni pale, na anayeamua anatazama mahali alipo yeye, haoni kitu, anaandika kwamba hakuna tatizo lililobainika.

Mara ya tatu nilikuwa nimeshakata tamaa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wageni nikisubiri fomu yangu, alipopita fundi mmoja mwenye ovaroli ya bluu na mvi nyingi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Wewe ndiye wa Morogoro?" Nikakubali. Akaketi. Maswali yake yalikuwa mafupi. Linalia asubuhi au mchana? Ukiwa peke yako au umepakia? Linalia ukifunga breki au ukipita kwenye shimo? Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Huko kwenu kuna baridi?"

Nikamweleza habari za ukungu wa Mgeta. Akatikisa kichwa, akasema, "Endesha wewe. Mimi nakaa nyuma." Alinitaka nifunge vioo, nizime redio, niweke kiyoyozi hadi mwisho wa baridi. Tulikaa tukitetemeka kwa dakika kama 20 huku watu nje wakitoka jasho. Halafu akataka barabara mbovu, na katika Dar es Salaam hatukulazimika kwenda mbali. Shimo la tatu, tak-tak-tak. Sikuwahi kufurahia kelele kiasi kile.

Mzee aliweka kiganja kwenye plastiki inayoifunika nguzo ya bodi, pale unapotokea mkanda wa usalama wa dereva. Mlio ukakoma. Akaondoa mkono, ukarudi. Gereji aliitoa plastiki ile, akanionyesha klipu moja ambayo haikuwa imeingia mahali pake tangu kiwandani. Alinieleza kwamba plastiki hutanuka kwenye joto na kusinyaa kwenye baridi. Dar es Salaam ilikuwa inatanuka na kujibana yenyewe, hivyo inanyamaza. Alfajiri ya Mgeta inasinyaa, inaacha nafasi ndogo, na kila shimo linaigongesha kwenye chuma. Akaweka klipu mpya, akabandika vipande viwili vya kitambaa laini, akaifunga. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko kahawa za mapokezi. Sikulipa kitu, na gari halijalia tena.

Ningeweza kuishia hapa, nikiwalaumu wafanyabiashara. Lakini muhula uleule kulikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyenijia ofisini mara tatu. Alisema alama zake za kazi za darasani katika somo langu hazionekani, na matokeo yake yanasomeka kuwa hayajakamilika. Kila alipokuja nilifungua kompyuta yangu, nikaziona alama zake, nikamwambia kila kitu kiko sawa. Mara ya pili nilimwambia avute subira, mfumo ni mpya, changamoto kama hizo ni za kawaida. Mara ya tatu nilimwambia aandike barua, tutalifanyia kazi.

Jumatatu baada ya kutoka kwa yule fundi nilimwita. Safari hii nilihama upande wangu wa meza, nikaketi karibu naye, nikamwomba afungue akaunti yake mwenyewe kwenye simu yake. Alama hazikuwepo. Alikuwa amesajiliwa kwa namba ya zamani ya somo, kabla mtaala haujabadilishwa, na orodha yangu ilikuwa ya namba mpya. Sote wawili tulikuwa tunasema kweli, kila mmoja mbele ya skrini yake. Mtaalamu wa mfumo alirekebisha kabla ya saa 6 mchana.

Lakini klipu ile haikuwa ya bure. Fedha zake za mkopo, bumu kama wanavyoliita, zilikuwa zimekwama kwa wiki 6 kwa sababu ya matokeo yale. Alikuwa akiishi kwa kukopa kwa wenzake na kula mlo mmoja kwa siku. Alinieleza hayo bila kunilaumu, kama mtu anayeeleza hali ya hewa, na sikupata la kumjibu zaidi ya kumwomba radhi. Hakuwa na kijitabu cha dhamana. Hakuwa na barua yenye vifungu vya sheria. Alikuwa na mimi tu, nami nilikuwa nimemwambia awashe redio.

Wewe unayenunua kitu chenye dhamana, usione haya. Andika tarehe, saa, barabara na hali ya hewa kila kasoro inapotokea. Usiondoke bila nakala ya fomu inayoonyesha ulichokilalamikia, hata kama wameandika kwamba hawakukiona, maana siku dhamana itakapokwisha karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha kuwa ulisema mapema. Omba kuonana na fundi mwenyewe. Wakikataa kabisa, Tume ya Ushindani ipo, na ilianzishwa kwa sheria.

Kwako wewe mtumishi mwenzangu wa umma, ombi langu ni dogo zaidi. Mtu akikuambia kuna mahali panalia, kabla ya kuandika kwamba hakuna tatizo lililobainika, muulize kama huko kwao kuna baridi.

Kwenye jengo letu, karibu na ngazi, kuna sanduku la maoni lenye kufuli. Nimelipita kwa miaka mingi. Baada ya mkasa huu nimeuliza ufunguo wake uko kwa nani. Nimetumwa ofisi nne, na mpaka naandika haya bado naendelea kuuliza.