Butoni iliyohesabu vibaya

Nkambo wangu aliniachia sauti yake katika faili nne, jumla dakika 47. Nilizirekodi kwa simu kule Kamina akiwa anachambua maharagwe, kwa hiyo mna sahani, kuku na watoto wa jirani. Alifariki kabla sijarudi kumuuliza maneno niliyoyakosa. Memwari yangu kuhusu toni za Kiluba imesimama juu ya faili hizo, na juu ya sikio la mtu aliyekulia Lubumbashi katika Kiswahili, lugha isiyotenganisha maneno kwa toni. Wenzangu wanaosema Lingala wana bahati: kwao moto ni mtu, motó ni kichwa, na hawahitaji kufundishwa.

Anayeandika toni hasikilizi mara moja. Husikiliza silabi, hurudi nyuma kidogo, huipiga mluzi, hurudi tena. Kwa kipanya kazi hiyo inachosha mkono. Nilitaka butoni ya kuzungusha kama ya redio za zamani: kulia mbele, kushoto nyuma, kila "tik" iwe sehemu moja ya kumi ya sekunde. Rafiki aliniazima Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, nami nikanunua butoni aina ya KY-040, yenye tik 20 kwa mzunguko mmoja. (Atakayejaribu aunganishe + ya butoni hiyo kwenye volti 3,3, si 5. Pini za kompyuta hiyo hazivumilii 5.)

Nilidhani butoni itaiambia kompyuta imefika wapi. Haisemi hivyo. Ndani yake mna swichi mbili, tuziite A na B, zinazofunga na kufungua kwa kupishana. Kompyuta husoma tarakimu mbili tu: 00, 10, 11, 01, kisha 00 tena. Ukigeuza upande, mfuatano nao unageuka: 00, 01, 11, 10. Ukiona 11 peke yake hujui lolote, mpaka ujue kilichotangulia. Usiku ule nilicheka peke yangu, maana ndivyo profesa alivyotuambia kuhusu toni. Silabi iliyokatwa peke yake haikuonyeshi kama iko juu au chini. Iko juu kuliko jirani yake, basi. Katika lugha nyingi za Afrika toni ya juu mwishoni mwa sentensi huweza kushuka chini kuliko toni ya chini ya mwanzoni.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa mistari michache ya Python: kila A inaposhuka kutoka 1 hadi 0, tazama B, B ikiwa 1 nenda mbele, ikiwa 0 rudi nyuma. Ilifanya kazi, au nilidhani hivyo. Nikaandika toni za faili ya kwanza, kurasa tatu, nikifurahi.

Mama alipokuja kutembea nilimwekea faili ile tangu mwanzo, bila butoni, nikimsomea nilichoandika. Akanisimamisha.

"Mwanangu, hapo unasema nini? Mama hakusema hivyo."

Akapiga mluzi. Silabi ya pili ilipanda. Mimi nilikuwa nimeiandika ya chini, na si hapo tu.

Tulipojaribu butoni mbele yake kosa lilionekana. Nilirudi nyuma tik tatu, nikaenda mbele tik tatu, na sikuwa pale nilipoanzia. Vyuma vya swichi vinapogusana hudundadunda kwa milisekunde chache kabla ya kutulia. A ilishuka, ikapanda, ikashuka tena, na programu yangu ikahesabu hatua mbili penye moja. Nilikuwa naruka silabi bila kujua, kisha naipima ile iliyobaki bila jirani yake.

Nilianza upya kwa jedwali. Chukua tarakimu mbili za kabla na mbili za sasa: michanganyiko ni 16. Minne haina mwendo. Minane ni hatua halali, mbele au nyuma. Minne iliyobaki hubadilisha tarakimu zote mbili kwa mpigo, jambo ambalo hatua moja haiwezi kufanya, kwa hiyo programu huikataa, kama Kiswahili kinavyokubali neno lianze na mb na kukataa bm. Hatua nne halali za upande mmoja ndizo tik moja. Mdundo wa chuma sasa huandikwa mbele, nyuma, mbele, na hesabu inajifuta yenyewe. Mpangilio huu wa kubadilisha tarakimu moja kila mara huitwa msimbo wa Gray, kwa jina la Frank Gray wa Bell Labs, aliyepata hataza yake mwaka 1953. Baadaye niligundua kwamba maktaba ya gpiozero ina RotaryEncoder iliyo tayari. Ningeokoa siku nne, lakini nisingejua ni nini hasa kilichoharibu kurasa zangu.

Nimeziandika upya zote tatu, Mama akiwa upande wa pili wa simu. Tumebaki na sehemu moja, faili ya tatu, dakika ya tisa, ambapo jogoo anawika juu ya silabi. Mama anasema ni ya juu kwa sababu anajua neno lenyewe. Mimi nimerudi pale tik kwa tik mara nyingi, na ninachosikia ni jogoo. Nimeiacha bila alama.