Bolti Iliyokatika Siku ya Maziko

Gari la msikiti wetu hapa Same ni pikapu kuukuu ambayo kazi yake kubwa ni kubeba jeneza. Kutoka hapa hadi Mwanga ni lami, hapana taabu. Taabu ni ule mpando wa kutoka Mwanga kupita Kikweni hadi Usangi, na zaidi kuuteremka, ambako dereva asiye na breki hana cha kujitetea mbele ya Mola wake.

Jumatano moja gari lilikuwa gereji kubadilishwa diski ya mbele. Bolti mbili za kalipa ziliganda. Nikamuuliza fundi, kutu imetoka wapi katika mji mkavu kama huu? Akanijibu kuwa gari hupanda kwenye ukungu na tope la milimani, kisha hukaa wiki mbili bila kuguswa. Kutu, akasema, hujaza nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana hubana meno ya bolti kama kabari. Akaigonga kichwani kwa nyundo, akatia mafuta, akaikaza kidogo kabla ya kujaribu kuilegeza. Haikusogea.

"Ustadhi, hii haitaki ugomvi. Tulale nayo mpaka asubuhi."

Saa saba simu ikaita: mzee mmoja amefariki hospitali, na wanawe wanataka azikwe Usangi kabla ya Magharibi. Nikawaahidi gari pasi na kumuuliza fundi. (Wiki ile ile nilikuwa nimetoa darsa juu ya subira.) Fundi alipokwenda kuswali, mimi nikiwa nimeshaswali, nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana, nikaliegemea kwa uzito wangu wote. Ikalia ta! Nikadhani imelegea. Kumbe kichwa kimebaki ndani ya spana, na mwili wake ndani ya chuma kinachobeba gurudumu.

Fundi hakunifokea. Alivua kofia yake ya kuswalia, akaikunja, akachutama kutazama.

Tulikodi gari jingine. Lilifika Usangi usiku, na mzee akazikwa asubuhi.

Siku ya pili fundi aliondoa kwanza mpira wa breki usiungue, kisha nati ikachomelewa juu ya kile kisiki. Moto ule ndio uliovunja kutu. Kilipopoa kidogo akakizungusha mbele na nyuma, robo kwa robo, kikatoka.

Kwenye kikao, mwenyekiti alipendekeza niandike kuwa gari liliharibika. Niliandika kuwa katibu alikata bolti, na gharama ya kuchomelea pamoja na gari la kukodi nikalipa mwenyewe, kwa awamu tatu. Fedha za msikiti ni amana, na hazikunituma nishike bomba.

Nilipopanda Usangi kuwaomba radhi wafiwa, mtoto mkubwa wa marehemu alinipokea kwa chai. Hakulitaja lile la maziko. Aliponisindikiza hadi garini, aliinama akatazama gurudumu la mbele, akauliza, "Sheikh, sasa zinashika?"