Kopo la Vinywa Viwili

Nyumbani kwetu Liwale kulikuwa na birika mbili, na mtoto aliyezichanganya alikiona cha mtema kuni. Moja ilikuwa ya chai. Ya pili, nyeusi tii kwa masizi, mdomo umepinda, ilikuwa ya bunduki. Baba alikuwa Bwana Nyama, kama watu walivyowaita wakati ule askari wa idara ya wanyamapori, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuwafukuza tembo mashambani, na wasiofukuzika kuwapiga. Alikuwa na raifo ya .404, mali ya serikali, mtutu wake unapitisha kidole cha mtoto. Najua kwa sababu nilijaribu.

Akirudi safari, kabla ya kuoga, kabla ya kula, kabla hata ya kumweleza mama kilichomchelewesha siku tatu, alitaka birika ichemke. Kazi yangu ilikuwa kushika faneli. Ilikuwa ya bati, na fundi wa sokoni alikuwa ameipinda shingo ili iingie kwenye chemba. Baba alichomoa bolti, akaisimamisha bunduki juu ya beseni mdomo ukiwa chini, akamimina polepole. Maji yalitoka meusi kama kahawa, yakawa ya kijivu, yakaja meupe. Kufikia hapo mtutu ulikuwa umepata moto hata huwezi kuushika bila kitambaa, na ni joto hilohilo lililoukausha ndani. Ndipo ikaja kamba: upande mmoja ina uzito mwembamba wa shaba njano, upande mwingine vitanzi vya kupitishia flaneli. Flaneli ilikuwa nyeupe, yenye mistari myekundu ya kuonyesha pa kukatia, kila kipande inchi 4 kwa 2. Kipimo hicho kilikuwa cha bunduki ya .303. Kwa .404 Baba alikunja kipande na kuongeza kingine, mpaka kamba ikakataa kupita isipokuwa kwa kuvutwa kwa mwili mzima. Mwisho kitambaa chenye mafuta, mara moja tu, basi.

Brashi hakuwa nayo. Alikuwa na kipande cha wavu wa waya laini, cha kufunga kwenye kitanzi pale uchafu ukikaidi, na alikiogopa kama mtu anavyoogopa dawa kali. Sikumwona akikitumia zaidi ya mara mbili.

Nilimwuliza siku moja kwa nini anatia maji kwenye chuma wakati kila mtu anajua maji ndiyo yanayoleta kutu. Akanijibu, "Mwanangu, maji moto kwanza, mafuta baadaye." Hilo halikuwa jibu. Ilikuwa amri, naye alikuwa ameipokea akiwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikishuka bonde la Kabaw kule Burma katikati ya mvua za masika ya huko. Sajini wake hakumweleza sababu. Yeye alinikabidhi amri ile vilevile alivyoipokea, pamoja na faneli.

Katikati ya miaka ya 1980 nilifika kambini nikiwa kuruta, nikijiona najua bunduki kuliko wenzangu wote. Tulipewa SAR za Kichina, zile zenye ufito wa kusafishia uliolala chini ya mtutu na vifaa vyake kwenye kikopo cha chuma ndani ya kitako. Kuna mambo mawili sikuyaelewa. La kwanza, kifuniko cha kile kikopo kilikuwa na tundu katikati, nami nikadhani ni pambo la kiwandani. La pili lilikuwa kopo la mafuta. Wengi walikuwa na vichupa vya kawaida, lakini mimi niliangukia kopo bapa la bati la Kirusi, lenye vinywa viwili na ukuta katikati. Upande mmoja ilipigwa chapa H. Upande wa pili palikuwa na herufi ya ajabu, kama kichana cha meno matatu chenye kimkia. Nikaona bahati iliyoje: kopo moja, mafuta mara mbili. Nikajaza pande zote.

Birika kambini ungeitoa wapi? Na nani angeanza kuchemsha maji mbele ya wenzake, afande akiwahimiza wamalize haraka? Kwa hiyo baada ya kulenga shabaha nilipitisha brashi yenye mafuta, nikapitisha vitambaa mpaka vikatoka safi, nikapaka mafuta mengine juu. Bunduki ilimeta. Kambi ilikuwa karibu na bahari na ilikuwa mwezi wa nne. Baada ya siku chache afande alifungua silinda ya gesi, akaichomoa pistoni, akanionyesha bila kusema neno. Ilikuwa imeshika kutu nyekundu, chini ya mafuta. Chini ya mafuta! Mtutu wenyewe ulikuwa umepona, na hata hilo halikutokana na akili yangu, maana ndani ulipakwa kromu. Adhabu niliyoipata naistahi mpaka leo. Kilichoniudhi ni kwamba nilikuwa nimesafisha kweli.

Miaka kumi ilipita kabla ya kuelewa. Wakati huo nilikuwa kwenye kampuni moja ya uwindaji wa kitalii, katika vitalu vya Selous, kazi yangu ikiwa kutunza silaha za kambi na kuwasaidia wageni na zao. Alikuja Mjerumani mzee, mwalimu wa kemia aliyestaafu, mwenye subira ya kazi hiyo. Jioni moja nilimsimulia habari za pistoni ile. Akachukua kijiti akachora chini, kwenye vumbi, kitako cha risasi.

Si baruti, alisema. Ni fataki. Fataki za zamani zilitiwa klorati ya potasiamu, nayo ikilipuka inaacha kloridi ya potasiamu, ndugu wa damu wa chumvi ya mezani. Inarushwa mtutu mzima na kila mahali gesi inapopita. Sasa fikiria kopo la chumvi jikoni wakati wa masika, linavyolowa lenyewe bila mtu kutia maji. Chumvi inanyonya unyevu wa hewa, na unyevu wenye chumvi unakula chuma. Nayo haiyeyuki kwenye mafuta hata uikoroge mwaka mzima. Ukiipaka mafuta umeifunika blanketi tu. Maji ndiyo yanayoiondoa, yakiwa ya moto ni afadhali kwa sababu mtutu unajikausha. Wajerumani walianza kutoa fataki zisizo na klorati mapema karne ya 20, na viwanda vya magharibi vikafuata kimoja baada ya kingine. Majeshi ya mashariki yaliendelea na zile za zamani miongo mingi, kwa kuwa zinakaa ghalani muda mrefu bila kuharibika.

Nikamchorea ile herufi ya kichana. Alicheka mpaka akakohoa. Ni herufi ya Kirusi, akasema, mwanzo wa neno la alkali. Kinywa kile ni cha dawa ya alkali inayochanganyika na maji, ya kutoa chumvi. Ile H kwa Kirusi husomwa N, ya mafuta ya kawaida, ya kulinda. Maji kwanza, mafuta baadaye: viwanda vya Kirusi viliyapiga chapa kwenye bati yale ambayo Baba aliyapigia kelele uani kwetu, nami nikavijaza vinywa vyote viwili mafuta ya aina moja.

Mzee yule alinionyesha na chupa yake ya Ballistol, mafuta ya Kijerumani yanayokubali maji. Ukiyatia maji na kutikisa yanakuwa meupe kama tui la pili. Aliyapenda kama watu wanavyopenda dawa moja ya maradhi yote. Na tundu la kifuniko? Linavishwa mdomoni mwa mtutu, ufito upite katikati usisugue ukingo. Risasi hupata mwelekeo wake wa mwisho pale mdomoni, na ukingo ukiliwa upande mmoja, hata macho ya tai hayatakusaidia. SAR husafishwa kupitia mdomo kwa kuwa huwezi kuingia kwa nyuma. Raifo ya bolti unaingilia chemba, ndiyo maana Baba aliuanzishia uzito wa kamba huko siku zote.

Ungedhani baada ya hapo nimekuwa bingwa. Hapana. Nilitoka na dini mpya, na msimu uliofuata nikamchemshia maji Mmarekani mmoja aliyekuja na .375 yake ya kifahari. Nilimimina birika nzima. Risasi zake zilikuwa mpya, fataki hazina chembe ya chumvi. Nilichofanikiwa kukifanya ni kupitisha maji chini ya chuma, kati ya mtutu na mti wa mwalnati wa kitako, mahali ambapo mti ukivimba kidogo tu shabaha inahama. Alinyamaza kwa adabu, akakaa nayo juani asubuhi nzima. Kisha akanifungulia sanduku lake.

Sijawahi kuona utajiri kama ule. Brashi za bronzi za kila kipimo, kila moja na namba yake, maana brashi ya .375 kwenye mtutu wa .30 inakwama na ya .30 kwenye .375 inapiga hewa. Brashi za nailoni. Ufito mmoja mrefu usio na viungo, umevikwa plastiki, kwa sababu zile fito za alumini za kuungaunga ni laini, mchanga unazama ndani yake, ukawa unapitisha msasa bila kujua. Brashi za chuma cha pua hakuwa nazo hata moja, nami tangu hapo nikiiona kwenye mtutu wa mtu naumwa meno. Dawa zilikuwa mbili. Hoppe's No. 9, ya tangu 1903, inanukia kama ndizi mbivu, ni ya masizi ya baruti. Nyingine ilikuwa na amonia, ukiifungua macho yanatoka machozi kama umeingia banda la kuku lisilofagiliwa tangu Idi iliyopita.

Hiyo ya amonia ilikuwa ya shaba. Risasi za kisasa zimevaa koti la shaba nyekundu, na zinapokwenda mbio ndani ya mifereji inayojisokota zinaacha utando. Huo hautoki kwa maji, wala kwa mafuta, wala kwa maombi. Amonia inauyeyusha, kitambaa kinatoka na rangi ya buluu, buluu nzuri ya kanga. Unarudia mpaka kitoke cheupe.

Nikapewa kazi. Nikapaka dawa kwa brashi ya bronzi, nikasubiri, nikapitisha kitambaa kwa ncha ya shaba njano: buluu. Nikarudia: buluu. Mchana ukapita. Nilikuwa nimeshapitisha vitambaa arobaini hivi, na bado buluu, nikaanza kuamini mtutu ule ni wa shaba mtupu. Yule bwana alikuja na kikombe chake cha kahawa, akatazama, akaichukua brashi mkononi mwangu akaitumbukiza kwenye kifuniko chenye matone ya dawa. Tukangoja. Kifuniko kikageuka buluu.

Bronzi ina shaba. Shaba njano ina shaba. Nilikuwa nimekula nusu siku nikiyeyusha vifaa vyangu mwenyewe. Kwa amonia unatumia brashi ya nailoni na ncha ya plastiki, robo saa isizidi, kisha unaifuta yote na kupaka mafuta. Bronzi ni ya masizi makavu, na Hoppe's. Ukimaliza, ioshe brashi, usiiache ilale na dawa. Kitambaa cha tatu kilitoka cheupe.

Kwa mawazo yangu, na wapo wenzangu wanaonibishia, bunduki nyingi zimeuawa na wasafishaji kuliko na wapigaji. Kipindi cha uhaba niliona mitutu iliyopigwa stiliwaya ya kusugulia sufuria, iliyofungwa kwenye waya wa uzio. Niliona mafuta ya taa yakitumika kama mafuta ya kulinda: yanatoa masizi vizuri sana, kisha yanaruka hewani na kuuacha mtutu uchi. Na niliona, upande wa pili, wageni wanaosugua mtutu dakika arobaini baada ya kupiga risasi mbili. Siku hizi kijana wa doria akiniletea bunduki na kuniuliza brashi gani, namwuliza kwanza risasi zilitoka wapi.

Mgeni mmoja aliniachia zawadi ya kamba nene ya kusukwa, yenye nywele za bronzi zilizoshonewa ndani na uzito wa shaba njano mbele. Unaiangusha kwa nyuma, unaivuta kwa mbele, mara moja au mbili, umemaliza. Nilimpelekea Baba Liwale. Macho yalikuwa yamekwisha, aliipapasa kutoka uzito mpaka mkia. "Hii si kamba yangu?" akasema. "Mmeiotesha manyoya tu."

Alifariki mwaka 2003. Watu wa matanga walikuwa wengi kuliko vyombo, na alfajiri ya pili shangazi yangu, asiyejua sheria za nyumba ile, aliitoa birika nyeusi darini akaibandika chai. Mama aliiona ikiwa imeshachemka. Alisimama mlangoni na upawa mkononi, tukadhani ataimwaga.

"Ina nini humo?" aliniuliza.

Nikafikiri. Masizi yalikuwa nje, ya kuni. Baruti na chumvi vilitokea chini ya mtutu, vikaishia kwenye beseni. Ndani ya birika ile, miaka yote ile, hayakuwahi kuingia ila maji ya kisimani.

"Maji, mama."

Akashika kikombe, akasubiri zamu yake.