Rangi, Alama na Mlango wa Chuo Kikuu

Muhula uliopita Chama chetu cha Kiswahili kilikuwa na mdahalo ambao mpaka leo haujaisha, maana wako watu wanaoendelea kubishana juu yake kwenye foleni ya githeri. Hoja ilikuwa: "Rangi ya mtu isiangaliwe anapochaguliwa kuingia chuo kikuu." Mlezi wa chama alitaka tuijadili kwa mfano wa Marekani, ambako watu wameshtakiana mahakamani kwa jambo hili miaka na mikaka. Mimi niliwekwa upande wa upinzani.

Msemaji wa kwanza wa waliounga mkono alikuwa dada mmoja wa kidato cha nne mwenye ulimi mkali ajabu, na alikuwa amejiandaa bwana! Alianza na kesi ya Allan Bakke, Mzungu aliyekataliwa mara mbili na shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha California kule Davis. Shule hiyo ilikuwa na nafasi 100 kwa mwaka, na 16 kati ya hizo zilitengewa makundi ya wachache. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kutenga nafasi namna hiyo ni kosa, na Bakke akaingizwa. Hata hivyo iliruhusu rangi iwe jambo moja kati ya mengi yanayotazamwa. Ilikaa hivyo mpaka tarehe 29 Juni 2023, mahakama hiyo hiyo ilipokata kesi dhidi ya Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina. Walioshtaki Harvard walidai kwamba vijana wenye asili ya Asia, ingawa masomoni waliongoza, walikuwa wakipewa alama za chini katika kipimo cha haiba.

"Mtoto wa Mchina amekosa nini?" dada akauliza. Makofi! Hata wa upande wetu walipiga. Kisha akaongeza la pili: mtoto wa daktari Mkenya aliyezaliwa Boston, anayepelekwa shuleni kwa gari, atahesabiwa mweusi sawasawa na mtoto wa Mississippi ambaye mababu zake walikuwa watumwa. Rangi ni moja, lakini maisha ni mbingu na ardhi. Nilijua pale kwamba nikisimama kutetea rangi tupu nitachekwa.

Basi nilipopewa dakika zangu tano nikaanza na hiyo hiyo Mississippi. Mwaka 1962 James Meredith alipotaka kusoma katika chuo kikuu cha jimbo hilo, akiwa mweusi wa kwanza, ilibidi serikali ya nchi ipeleke askari, na watu wawili walikufa katika ghasia. Huo si wakati wa Nuhu. Waliofungiwa mlango siku hizo, wajukuu wao ndio wanaoomba nafasi leo. Halafu nikataja jambo ambalo wenzangu hawakulijua. Takwimu zilizotolewa katika kesi ya Harvard zilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya Wazungu waliochaguliwa walikuwa wanamichezo, watoto wa waliowahi kusoma pale, watoto wa wafanyakazi wa chuo, au watu wa orodha maalumu ya wakubwa. Mahakama haikukifunga kichochoro hicho. Ati hapo hakuna aliyelia kwamba stahili imevunjwa!

Lakini kilichonigusa mimi hasa ni Texas. Baada ya mahakama moja kukataza rangi kuangaliwa, jimbo hilo lilipitisha sheria mwaka 1997: mwanafunzi aliye katika asilimia 10 ya juu ya shule yake ana nafasi katika chuo kikuu cha jimbo. Haulizwi rangi. Anapimwa na wale aliokaa nao dawati moja, wakafundishwa na mwalimu mmoja. Sheria hiyo ina kasoro zake, kwani chuo cha Austin kilijaa hata ikabidi ipunguzwe mwaka 2009. Lakini nilipoisoma nilikaa kitako.

Ninyi mnaijua shule yetu ya kutwa. Katika somo la kemia tunashika bureti moja watu sita, na anayeishika kweli ni mmoja. Watano tunaandika alichosoma. Jioni mimi huteka maji kwanza, kisha ndio nifungue kitabu, na koroboi ikiisha mafuta somo limeisha. Mwenzangu wa shule ya bweni ana maabara, ana maktaba, ana taa hadi saa nne. Tukipata alama sawa mtihanini, je, tumefanya kazi sawa? Nikawauliza hivyo. Ukumbi ulinyamaza kidogo, halafu nyuma kukapigwa miluzi.

Dada akainuka tena. "Bwana Mwenyekiti, mgonjwa akilazwa mezani apasuliwe, atauliza daktari alikuwa na koroboi au alikuwa na stima?" Watu wakacheka mpaka kengele ikapigwa.

Nikajibu, na jibu hilo bado nalishikilia: anayeangaliwa hali yake anaangaliwa wakati wa kuingia tu. Mtihani wa kumaliza udaktari ni mmoja kwa wote, na asiyeupita hashiki kisu.

Kura zilipohesabiwa tulishindwa, 38 kwa 41. Mlezi ametangaza hoja ya muhula ujao, na sasa ni ya hapa kwetu: ilikuwa haki wasichana kuingizwa vyuo vikuu vya umma kwa pointi chache kuliko wavulana, kama ilivyofanywa kwa miaka mingi? Dada yetu ameshajiandikisha. Yuko upande wa kusema ndiyo.